Geti la mota linahitaji stopa kabla ya rimoti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wenye nyumba wa Dar es Salaam. Mageti ya kuteleza yanayoendeshwa na mota sasa yapo Mbezi Beach, Goba, Tabata hadi Kigamboni. Siku ya kukabidhiwa, mwenye nyumba hujaribu kitu kimoja: anabonyeza rimoti, geti linafunguka, anabonyeza tena, linafunga. Analipa, fundi anaondoka. Lakini rimoti haimlindi mtu. Vinavyomlinda mtoto anayecheza karibu na reli, au mlinzi anayesukuma geti umeme ukikatika, ni vitu vingine kabisa, na vinaweza kuharibika huku geti likiendelea kufunguka vizuri kila siku.

Tuanze na uzito, maana wengi hawaujui. Shiti ya chuma ya milimita 1.5 ina karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Geti la mita 4 kwa 2 lina takriban kilo 94 za shiti peke yake, bado hujahesabu fremu, maua ya chuma na rangi. Mara nyingi jumla inavuka kilo 150. Mzigo huo umekaa juu ya magurudumu mawili, na kinachouzuia usilale ni roli ndogo za nailoni kwenye nguzo. Ukingo wa mbele wa geti ukishapita roli hizo, geti linaanguka, na hakuna mikono ya kulidaka.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ni wa stopa, yaani chuma kinachozuia geti lisipite mwisho wa njia yake. Zima mota kwenye swichi yake, iachie kwa ufunguo wa dharura ili geti lisogee kwa mkono, kisha sukuma geti taratibu hadi mwisho wa kufunguka. Watu wasimame usawa wa ncha za reli, si ubavuni linakoweza kulalia. Geti linapaswa kugonga chuma kilichozama kwenye zege na kusimama huku angalau sentimita 20 za fremu zikiwa bado ndani ya roli za juu. Rudia upande wa kufunga. Stopa iwe ndefu ya kutosha kugonga fremu. Kipande cha nondo kilichochomelewa juu ya reli hakitoshi, kwa sababu gurudumu likija kwa kasi linaweza kukipanda. Chomeo likiwa na ufa au kutu ya kubanduka, gonga kwa nyundo: likilia kama kitu kilicholegea, lichomelewe upya kabla geti halijatumika tena.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wenzetu hulifanya. Wanasema, «Mota ina limiti, stopa ya nini?» Limiti, iwe ya springi au ya sumaku, inaiambia mota izime. Haizuii chuma. Sumaku ikihama, mota inaendelea kusukuma. Na mota ikishaachiwa kwa ufunguo, limiti haina kazi yoyote, wakati ndiyo saa ambayo umeme umekatika, gari linasubiri barabarani na mtu anasukuma kwa haraka gizani. Geti lisilo na stopa ni la kusimamisha matumizi leo hii, hata kama mota ni ya bei gani.

Ukiwa bado unasukuma kwa mkono, sikiliza. Geti lililo zima husogea kwa msukumo wa mtu mmoja bila kukwaruza. Likikaza sehemu moja tu, reli imepinda au ina mchanga. Likikaza njia yote, beringi za magurudumu zimeingia kutu, jambo la kawaida kwa nyumba za karibu na bahari kama Msasani na Kunduchi. Na likianza kutembea lenyewe, reli ina mteremko. Hilo liangaliwe sana sehemu za vilima kama Kimara, Goba na Makongo, maana geti la hivyo hukimbia mara tu mota inapoachiwa. Reli ifagiliwe kila wiki. Grisi isipakwe juu yake: mchanga hunasa humo na kuwa msasa.

Kutu hiyo ya beringi ndiyo inayozaa hatari ya pili. Geti linapokuwa zito, mota yenye kipimo cha nguvu hudhani imegusa kitu, inasimama katikati. Mwenye nyumba anapiga simu kwamba geti linakwama. Fundi mvivu hagusi magurudumu. Anafungua kifuniko na kuzungusha kitufe cha nguvu hadi geti litembee. Kelele zimeisha, kila mtu anafurahi, na mota imefundishwa kutojali inapomgusa mtu. Dawa ni kubadilisha beringi, kisha kurudisha nguvu kwenye kiwango cha chini kabisa kinacholisogeza geti. Kanuni ya Ulaya, EN 12453, inaweka kikomo cha nyutoni 400, yaani mkandamizo kama wa uzito wa kilo 40, pale nafasi iliyobaki kati ya ukingo wa geti na nguzo ni sentimita 5 hadi 50, na usizidi robo tatu ya sekunde. Kifaa cha kupimia nguvu hiyo wachache wanacho. Nyumbani, jaza katoni nguo kuukuu, ifunge kwa kamba kwenye nguzo inayopokea geti, juu ya usawa wa jicho la umeme linalosimamisha geti likiona kitu, ili lisiingilie jaribio, halafu funga geti kwa rimoti. Likigusa katoni lisimame na kurudi nyuma. Likiibonyeza hadi ikapasuka, usitumie mkono wako kuhakikisha.

Jicho lenyewe, vile visanduku viwili vinavyotazamana pande mbili za mlango, lina jaribio rahisi. Geti likiwa linafunga, pitisha fagio kwenye mstari wake ukiwa umesimama nje ya njia ya geti. Lisimame na kurudi. Kisha ziba jicho moja kwa kitambaa geti likiwa wazi, bonyeza rimoti: halitakiwi kufunga. Likifunga, ama jicho limeharibika, ama kuna waya mfupi umeunganisha pini zake kwenye bodi. Tunasema wazi kwamba waya huo huwekwa na fundi. Jicho likisumbua kwa vumbi, utando wa buibui, chumvi ya bahari au jua la jioni linalopiga kioo chake moja kwa moja, fundi anaunganisha pini ili asiitwe tena. Yote hayo yana tiba: kitambaa kibichi, kunyoosha visanduku vitazamane sawasawa, au kubadilishana nafasi za kisanduku kinachotuma mwanga na kinachoupokea.

Geti la nondo zilizo wazi lina hatari yake. Mkono wa mtoto ukiwa katikati ya nondo, geti linapopita kwenye nguzo linakata kama mkasi. Funika sehemu ya chini kwa shiti au wavu wa matundu madogo usiopitisha mkono.

Kwa mota: nafasi kati ya gia na reli ya meno iwe milimita 1 hadi 2. Magurudumu yakiliwa, geti hushuka na kukalia gia. Waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, uwepo kweli, na saketi ilindwe na kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme ukivuja. Kabla ya masika ya Machi hadi Mei, hakikisha mota imeinuliwa kwenye zege juu ya pale maji yanapotuama, na ziba matundu ya waya kwa silikoni, kwani sisimizi na mijusi hupenda joto la bodi na kuiunguza.

Nyumba zenye gereji, mlango wa kupanda juu una kanuni zake. Laza ubao wa unene wa sentimita 4 sakafuni, funga: mlango ukiugusa lazima ugeuke na kupanda juu. Jicho liwe si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Marekani imelazimisha kinga ya aina hii kwa mashine za milango ya nyumbani zinazotengenezwa tangu 1993. Kisha mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba ya kuachia na uuinue kwa mkono hadi katikati. Ukibaki hapo, springi ziko sawa. Ukishuka kwa kishindo, zimechoka. Springi ya kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000, ambayo kwa mara nne kwa siku ni karibu miaka saba. Usivute kamba hiyo mlango ukiwa juu, na usiguse springi kwa spana yako mwenyewe. Ina nguvu ya kuvunja mkono.

Ufunguo wa dharura nao. Katika nyumba nyingi uko kwenye mkoba wa baba, na baba yuko Kariakoo. Uwe ndani ya nyumba, sehemu moja, na dada wa kazi, mlinzi na watoto wakubwa wote wafanyishwe mazoezi ya kuutumia. Moto ukizuka umeme umekatika na betri ya mota imekufa, gari la Zimamoto mliloliita kwa 114 halitapita juu ya ukuta.

Ukaguzi huu wote ni kazi ya dakika 20, mara moja kwa mwezi. Kwa geti jipya, pesa ya kumalizia ibaki mfukoni hadi fundi ayafanye majaribio ya stopa, katoni na fagio mbele yako, mota ikiwa imewashwa na ikiwa imeachiwa.

Mafundi wa mageti,
Tabata, Dar es Salaam