Ukoka wa Dodoma uchezewe, na vilima vyetu viwekewe njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa wanaosimamia bustani na maeneo ya wazi ya Jiji la Dodoma, kuhusu jambo linalozigusa familia nyingi kila Jumamosi na Jumapili.

Hivi karibuni niliwapeleka wajukuu wangu watano kwenye bustani moja ya hapa mjini, tukiwa na mkeka, maji ya kunywa na kamba ya katani. Walikuwa wamekwisha kugawana, wakubwa wawili upande huu na wadogo watatu upande ule, kamba imekaza na kitambaa chekundu tulichokifunga katikati kinatetemeka juu ya ukoka, mara filimbi ikalia. "Shikamoo mzee, lakini hapa hapachezwi," mlinzi aliniambia kwa adabu, akanionyesha kibao kilichoandikwa "Usikanyage majani". Simlaumu kijana yule, kwa kuwa alitumwa. Tulikunja mkeka, na watoto wakaenda kumalizia mchezo wao kando ya barabara, kwenye vumbi, huku bodaboda zikiwapita karibu.

Nafahamu kwamba Dodoma ni kukame, kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwamba kuuweka ukoka ukiwa kijani hadi Oktoba ni kazi ya maji mengi na mikono mingi. Hata hivyo, kipande kimoja cha bustani kinaweza kufungwa kipumzike huku kingine kikitumika, kisha zamu ikabadilishwa. Rede, kuvuta kamba na mbio za magunia havihitaji uwanja mkubwa. Vinahitaji mahali laini pa kuangukia na mti wa kuwapa wazee kivuli.

Ombi langu la pili linahusu vilima. Mji huu umezungukwa na vilima vya mawe ambavyo mtu mwenye afya anaweza kuvipanda na kushuka kabla jua halijawa kali, akiondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na maji yasiyopungua lita moja na nusu. Vijana wengi wa mtaani kwetu hupanda, na huko juu hukutana na pimbi wakiota jua kwenye mawe, na mji wote ukiwa chini yao. Lakini kila mmoja hujipitia anapojua, mmomonyoko unaongezeka, na mgeni asiye na mwenyeji hawezi kujua pa kuanzia. Rangi kidogo juu ya mawe kuonyesha njia, pamoja na kibao chini ya kilima kinachotaja muda wa kupanda, vingetosha kwa kuanzia.

Mfano tunao ndani ya mkoa wetu. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mgeni hupanda mlimani akiwa na mwongozaji anayejua njia na historia ya mahali pale. Kwa vilima vya mjini sidai mwongozaji. Nadai njia tu.

Tena hili si jambo geni kwa Dodoma. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali hapa, Mpango Mkuu wa mwaka 1976 ulimfikiria kwanza mwananchi anayetembea kwa miguu. Leo treni ya SGR inaleta wageni kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tu, na wapo wanaoniuliza waende wapi Jumapili asubuhi; huwa nawatajia hoteli, jambo linalonihuzunisha.

Kwa hiyo naomba wahusika waanze na bustani moja na kilima kimoja kabla mvua za Desemba hazijaanza, na kile kibao cha "Usikanyage majani" kibadilishwe, kiandikwe siku na saa ambazo watoto wanaruhusiwa kucheza.

Mkazi wa eneo la Kisasa,
Dodoma