Maandishi ya Kiswahili yamo, programu inayatafuta pasipo pake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi waandaaji wa programu za simu, na hasa wanaowafundisha vijana kazi hiyo, walitazame upya jambo moja linaloonekana dogo: jinsi msimbo unavyotambua, programu ikiwa inaendeshwa, kwamba umetoka katika fremuweki fulani, yaani sehemu ya programu inayojitegemea na inayoweza kutumiwa katika programu nyingi, ili uchukue picha na maandishi yake humo.

Programu ya iPhone si faili moja. Ni furushi, yaani folda yenye msimbo pamoja na rasilimali zake kama picha na maandishi, na tangu iOS 8 ilipotoka mwaka 2014, waandaaji wameruhusiwa kuweka ndani yake fremuweki zao wenyewe, kila moja ikiwa na rasilimali zake. Maandishi ya Kiswahili hukaa katika folda ya sw.lproj. Mwandaaji akitumia NSLocalizedString, amri ya kuchukua maandishi ya lugha ya mtumiaji, bila kutaja furushi, mfumo hutafuta katika furushi kuu, yaani la programu yenyewe, peke yake, na ukiyakosa maandishi humwonyesha mtumiaji ufunguo wake mtupu, yaani jina la ndani linalotumiwa kuyatafuta. Ndivyo yalivyotukuta kazini. Tulitafsiri ujumbe wote wa fremuweki ya malipo, tukabishana juu ya neno moja moja, kisha mteja ambaye malipo yake yamekwama akaandikiwa «kosa_malipo_3». Kiswahili tulichokihangaikia kilikuwamo simuni mwake wakati huohuo.

Njia sahihi ipo. Amri ya Bundle(for:) hupewa klasi, yaani kiolezo ambacho msimbo huundia vitu vyake, na kurudisha furushi ilimotoka klasi hiyo, na humo ndimo kinamosomwa kitambulisho cha fremuweki, bila mtu kukiandika kwa mkono. Tatizo ni kwamba wengi hunakili mfano unaoipa type(of: self), yaani klasi ya kitu kinachoendeshwa wakati huo, nao ni mtego: mwandaaji anayetumia fremuweki akiirithi klasi hiyo, yaani akiunda klasi yake juu ya hiyo, ndani ya programu yake, jibu litakuwa furushi la programu yake, wala si la fremuweki. Klasi na itajwe kwa jina lake. Pale ambapo msimbo wote ni wa struct, aina nyingine ya kiolezo ambayo si klasi, iundwe klasi tupu, ya ndani, kwa kazi hiyo tu.

Fremuweki ikiunganishwa kwa njia tuli mambo hubadilika tena, kwa kuwa msimbo wake humezwa na programu kuu na Bundle(for:) hurudisha furushi kuu. Hapo rasilimali zinahitaji furushi lake dogo linalotafutwa kwa jina. Wanaotumia Swift Package Manager, zana ya kupanga na kuunganisha sehemu za msimbo wa lugha ya Swift, wamerahisishiwa na Bundle.module, inayowapatia furushi hilo, tangu Swift 5.3 ya mwaka 2020.

Hata hayo yote yakitimia, kwa kawaida fremuweki hufuata lugha zilizotangazwa na programu kuu. Ikiwa programu kuu haina Kiswahili, cha fremuweki hakitaonekana mpaka kipengele cha CFBundleAllowMixedLocalizations kiwashwe katika Info.plist, faili la mipangilio la programu kuu. Sisi tulilijua hili mwisho, baada ya kudhani tumekwisha kurekebisha kila kitu.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi wasiishie kwenye zoezi lenye furushi moja, ambamo kosa hili haliwezi kujitokeza. Wawape wanafunzi fremuweki yenye sw.lproj, waiunganishe na programu ya mtu mwingine, wairithi klasi yake mojawapo, kisha waiendeshe kwa Kiswahili na kusoma kila ujumbe wa kosa, kwa sababu mteja aliyekwama katikati ya malipo ndiye anayehitaji zaidi kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Wako,
Mwandaaji wa programu,
Dar es Salaam