Fomu ya mtandaoni sawa, ila karani asiachwe nyumbani

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hili la watu kujaza sensa wenyewe mtandaoni. Mimi naliunga mkono kabisa, maana kuna watu wanatoka alfajiri wanarudi usiku, karani anagonga mara tatu hakuna mtu, mwisho jirani ndo anaulizwa mle ndani wako wangapi, hapo si tumeshaanza kukisia?

Uingereza na Wales mwaka 2021 kaya nyingi sana zilijaza kwenye intaneti, na waliokaa kimya wakafuatwa mlangoni. Hapo ndo penyewe. Kila kaya ipewe namba yake ya siri, ikishatuma fomu mfumo unamwonyesha karani asiende tena, bila hivyo baba atajaza, mtoto naye atajaza kwa simu yake, karani naye akija anaandika, kaya moja imehesabiwa mara tatu.

Halafu mitambo ijaribiwe mapema jamani. Australia usiku wa sensa, 9 Agosti 2016, tovuti ilishambuliwa ikazimwa karibu saa 40, watu wamekaa na fomu zao hawajui wafanye nini.

Ninachoogopa zaidi ni kupunguza makarani kisa intaneti ipo. Bibi asiye na simu, mtu asiyejua kusoma, anayelala barabarani, hao hawatajaza fomu yoyote, na ndo haohao wanaohitaji zahanati na maji kuliko sisi wenye bando. Pesa itakayookolewa kwa wanaojaza wenyewe ipelekwe kuwatafuta hao.

Msomaji wenu