Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tulio kazini nasi tunataka kusomea tiba kwa vitendo

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kutoka Igoma, Mwanza. Mimi ni mhudumu wa wodi katika hospitali mojawapo hapa jijini. Nina miaka 38, nina watoto wanaosoma, na ninataka kurudi shule kusomea tiba kwa vitendo. Ombi langu ni moja: fani za afya zenye uhaba wa wataalamu zifunguliwe kwa watu wazima walio kazini, kwa mkopo na kwa ratiba wanazozimudu.

Wengi wakisikia tiba kwa vitendo hudhani ni yale mazoezi ya viungo. Fani hizi mbili hufanya kazi bega kwa bega, ila kila moja ina swali lake. Wa viungo anahangaika na nguvu na mwendo wa mwili. Wa tiba kwa vitendo anauliza: huyu akifika nyumbani atavaaje, atakulaje, atarudije kwenye shughuli iliyokuwa inamlisha?

Tulikuwa na mama mmoja wodini, mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Alifanyishwa mazoezi mpaka akaweza kutembea kwa fimbo, akaruhusiwa. Nilipokuwa namkusanyia vyombo vyake akaniuliza, "Mwanangu, sasa ugali nitausongaje?" Wodi nzima hatukuwa na jibu. Muda si mrefu alikuja mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwa kipindi kifupi, na mama huyo akaitwa tena. Mtaalamu aliwaagiza ndugu zake wakamtafute fundi seremala awatengenezee kibao chenye vigingi vya kubana sufuria isizunguke, ili mwiko ufanye kazi kwa mkono mmoja. Mpini wa kijiko aliuzungushia kipande cha ndala hadi ukawa mnene, vidole vilivyolegea vikaweza kuushika. Kisha akamfundisha kuvaa gauni: unaanza na mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua unaanza na ule mzima. Nilisimama pale nikamwona mama anajivalisha mwenyewe, binti yake pembeni machozi yanamtoka. Siku hiyo niliijua kazi ninayoitaka.

Kusema nataka ni rahisi. Nilirisiti Kemia na Baiolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma usiku baada ya zamu, na vyeti ninavyo. Shida inaanzia hapo. Fani hii ilianza kufundishwa nchini katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kutoka Mwanza ni kupita Shinyanga, Singida na Arusha, na stashahada ni miaka mitatu ya kukaa darasani na hospitalini. Mtu mwenye watoto na mshahara mmoja anaacha kazi, anahama, halafu ada anaitoa wapi?

Mkopo nao haumfikii. Ninaishukuru Serikali kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo, walianza kukopeshwa. Hatua hiyo ilifungulia vijana wengi mlango. Lakini masharti ambayo tumekuwa tukiyasoma kwenye miongozo yanataka mwombaji asizidi miaka 35, awe amehitimu ngazi iliyotangulia katika miaka ya karibuni, na asiwe na kipato cha ajira rasmi. Mheshimiwa, ukiyaweka pamoja masharti hayo matatu, mhudumu wa afya anayeijua wodi kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza ndiye anayebaki nje. Naelewa kwamba fedha hazitoshi na vijana ni wengi. Naomba msamaha wa masharti hayo kwa fani chache tu zenye uhaba, na kwa sharti kwamba mhitimu atatumikia mkoa aliotoka. Sisi wenye nyumba na watoto huku hatuna mpango wa kuhama.

Kuhusu ratiba, shirikisho la dunia la fani hii linataka mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo. Hizo sizikimbii, na asikubali mtu yeyote zipunguzwe. Ninachoomba ni kwamba sehemu kubwa yake ifanyike kwetu, chini ya wasimamizi waliosajiliwa: hospitali za Bugando na Sekou Toure, shule zenye vitengo vya watoto wenye ulemavu, hata majumbani Sengerema na Ukerewe. Huko ndiko mgonjwa anakopikia na kuoga. Nadharia ije kwa vipindi vya wiki chache chuoni, nyingine kwa mtandao. Chuo Kikuu Huria kimesomesha walimu na askari wakiwa kazini tangu miaka ya 1990, kwa hiyo uzoefu upo nchini.

Na Kanda ya Ziwa si mgeni wa elimu ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kabla ya hapo Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, ambapo wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba na uvuvi. Hakuna aliyewauliza umri.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya huduma za utengamao, yaani za kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Huduma hiyo haiwezi kutolewa na jengo, inahitaji mtu aliyesomea, na watu walio tayari kusomea tupo.

Tutashukuru kupata jibu kabla dirisha la maombi ya mkopo halijafunguliwa, ili wenye kuhakiki vyeti vya kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, na wenye kuomba ruhusa kwa waajiri wao waanze mapema.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa wodi, Igoma, Mwanza