Ujumbe wa Kiswahili, saa ya Kizungu

Mhariri,

Kampuni za simu na benki hutuandikia ujumbe wa muamala kwa Kiswahili kizuri tu: umepokea, umelipa, salio lako jipya ni kadhaa. Ukifika kwenye saa, Kiswahili kinaishia hapo. Inaandikwa 7:05 PM, au 19:05, na msomaji ambaye tangu utotoni anasema "saa moja usiku" anaachiwa hesabu aifanye mwenyewe, mara nyingi akiwa amesimama mbele ya mteja aliyekwisha kubeba mzigo. Ombi langu ni kwamba saa iandikwe kama tunavyoitamka. Naomba nafasi kwenye safu yako nieleze kwa nini, maana wapo wanaodhani hili ni suala la urembo wa lugha.

Chukua mteja anayeonesha simu yake kibandani, pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni hapa Mwanza, saa saba na robo mchana. Ujumbe unasema: "Umelipa TSh 45,000, tarehe 5/3/2026, 7:05 PM." Leo ni tarehe 6. Muuzaji anaiona 7:05, anaangalia jua lilipo, anaona dakika zinalingana, anaruhusu gunia liondoke. Ujumbe ule si wa kughushi hata kidogo. Ni wa kweli, ila ni wa mzigo wa jana saa moja usiku. Jicho lenye haraka hukamata namba kubwa ya saa na kuruka tarehe, na herufi mbili za PM hazimwambii kitu mtu ambaye saba yake ni ya mchana.

Kinyume chake nacho kipo, na huumiza zaidi kwa sababu anayeumia ni mkweli. Mteja amelipa saa saba mchana, mfumo umeandika 1:05 PM. Kesho yake kuna mabishano, mwenye duka anapekua ujumbe wa "saa saba" haupati, anaona 1:05 na kusema hiyo ni ya saa moja asubuhi, mwenzangu usinichezee. Hapo ndipo sauti zinapopanda, na wote wawili wanasema kweli.

Kanuni ya kubadilisha ni rahisi ukiwa umetulia. Namba ikiwa ya mtindo wa saa 24 na imezidi 12, toa 12 kwanza. Kisha toa 6. Kama 6 haitoki, au ikitoka inabaki sifuri, ongeza 6 badala yake. 19:05 inakuwa 7:05, halafu saa 1:05 usiku. 13:05 inakuwa 1:05. 6 haitoki, ongeza, unapata saa 7:05 mchana. 05:40 ni saa 11:40 alfajiri. Asiyependa hesabu aangalie saa ya mshale: namba ya upande wa pili wa uso wa saa ndiyo yetu. Saba inatazamana na moja, tisa inatazamana na tatu, kumi na mbili inatazamana na sita. Wazee waliokuwa wakisoma saa za ukutani kwa kinyume hawakuhitaji kikokotoo.

Penye mtego mbaya kuliko yote ni 12. Ukiona 12:20 AM, sikio la Mswahili linasikia saa kumi na mbili na dakika ishirini, yaani kumekucha. Kumbe ni saa 6:20 usiku. Na tiketi mtandao za mabasi ya Nyegezi na Nyamhongolo zimeongeza chumvi: mfumo unachapa 06:00, karani anakuandikia kwa kalamu "saa 12", na abiria aliyekatiwa tiketi na ndugu yake kwa simu anaambiwa "basi ni la saa sita". Wapo wanaofika stendi jua la utosi na mizigo yao.

Kwetu ziwani tatizo linaongezeka usiku, na hapa naomba wahusika wa Dar es Salaam wanisikilize vizuri. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya giza. Mitumbwi hutoka jioni na taa, zamani karabai za mafuta ya taa na sasa taa za betri na za sola, na biashara ya ufukweni huanza mitumbwi inaporudi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Mwenye mtumbwi akilipwa hapo, petroli ya injini na posho za wavuvi hutoka kwenye hela hiyo hiyo kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo saa ambazo mjini watu wamelala, mwaloni ndiyo saa za soko.

Sasa soma tangazo la kawaida: "Huduma haitapatikana Ijumaa kuanzia saa 6:00 usiku hadi saa 11:00 alfajiri kutokana na maboresho ya mfumo." Matengenezo hupangwa usiku wa manane kwa kuwa watumiaji ni wachache, na hilo lina maana yake. Lakini Ijumaa ipi? Kwa mfumo, siku hubadilika saa sita usiku, hivyo saa sita ya Ijumaa ndipo Ijumaa inapoanza, na anayefungiwa ni yule wa alfajiri ya Ijumaa. Kwa msomaji wa kawaida, saa sita usiku wa Ijumaa ni baada ya kuimaliza Ijumaa, kwa hiyo anajiandaa kwa alfajiri ya Jumamosi. Na wazee ambao kwao siku huanza jua linapozama wana usiku wao wa Ijumaa, ule unaoitangulia. Magazeti yetu yalishalimaliza hili siku nyingi kwa maneno matatu, "usiku wa kuamkia". Andikeni "usiku wa kuamkia Ijumaa" na mchuuzi atajua abebe noti siku gani.

Mpaka huo wa saa sita usiku unavuruga pia daftari. Aliyelipwa saa 5:50 usiku na aliyelipwa saa 6:10 usiku, kwa mdomo wamelipwa usiku mmoja. Kwenye taarifa ya miamala wana tarehe mbili tofauti. Anayefunga hesabu za usiku wa uvuvi kwa tarehe ya simu ataona pungufu upande mmoja na ziada upande wa pili, na kijana wa watu atasingiziwa wizi. Afunge hesabu mchana kwa mchana, saa sita hadi saa sita, na daftari litakaa sawa.

Nitapita haraka kwenye saa ya simu yenyewe. Kitochi kikitolewa betri mara nyingi hupoteza tarehe na kurudi miaka ya nyuma, kwa hiyo usithibitishe malipo kwa saa inayoonekana juu ya kioo. Tumia ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe, maana hiyo imetoka kwenye mtambo. Simu janja yenye tarehe ya uongo ina ugonjwa mwingine: programu ya benki inagoma kufunguka na kudai hakuna mtandao wakati bando lipo, kwa sababu hati za usalama za mtandao zina tarehe za kuanza na kuisha, na simu inaona hati hiyo ama haijaanza kutumika au imekwisha. Watu hununua bando jipya bure. Nenda kwenye mipangilio, tarehe na saa, washa ya kujiweka yenyewe, na hapo hapo chagua mtindo wa saa 24 ili uachane na AM na PM. Wanaosafiri kuelekea Rusumo wakumbuke kwamba Rwanda na Burundi wanatumia majira yaliyo nyuma yetu kwa dakika 60 (nikiandika "saa moja nyuma" nitaanzisha ugomvi mwingine), na simu ikinasa mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha yenyewe.

Nirudi kwa muuzaji, kwa kuwa saa ni kipimo kimoja tu kati ya vingi. Simu ya mteja si ushahidi, hata akikupa uishike. Soma ujumbe ulioingia kwako. Uwe umetoka kwa jina lile lile la huduma na umekaa kwenye mfululizo mmoja na ujumbe wa zamani; ukiwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi, huo ni wa mtu. Kisha tazama salio. Hapa ndipo matapeli wengi hunaswa, kwa sababu anayeghushi ujumbe anajua jina lako na kiasi, lakini hajui ulikuwa na shilingi ngapi. Kama salio la mwisho lilikuwa 112,300 na umelipwa 45,000, salio jipya liwe 157,300, au pungufu kidogo kama huduma yako inakata makato kwa mpokeaji. Ukiona 61,450 lililotoka hewani, mzigo ushushwe. Ukiwa na shaka, piga menyu mwenyewe uangalie salio, usikubali mteja akupigie.

Kosa la mara kwa mara kwa wenye lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu: hela ya lipa namba huingia kwenye akaunti ya biashara, siyo kwenye salio lako binafsi. Watu huangalia salio binafsi, hawaoni kitu, wanamwita mteja mwizi. Na ujumbe huenda kwenye laini iliyosajiliwa, ambayo mara nyingi ipo mfukoni mwa tajiri aliyeko Sengerema wakati mhudumu yuko dukani hana anachokiona zaidi ya simu ya mteja. Ulizeni watoa huduma wenu kama laini ya mhudumu inaweza kuwekwa ili naye apate ujumbe. Bila hivyo lipa namba ukutani ni bango tu, na ndiyo maana wengi bado wanasema "nitumie kwenye namba yangu, na ya kutolea".

Mtandao ukiwa mzito, kama unavyokuwa kwenye visiwa vya ziwa letu, menyu hukatika katikati. Ikikatika kabla ya kuweka namba ya siri, hakuna kilichotoka. Ikikatika baada ya kuiweka, muamala unaweza kuwa umepita na ujumbe uko njiani. Mteja asirudie kulipa. Aangalie salio lake kwanza, halafu wote wasubiri. Namba ya kumbukumbu ya muamala haifanani na nyingine yoyote, hivyo ndiyo ya kuandika daftarini, siyo saa peke yake. Meseji za kitapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" wote tunazijua. Zipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, badala ya kuzifuta.

Najua jibu litakalotolewa kuhusu ombi langu: ujumbe una nafasi finyu. Ni kweli. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na ukizidi hukatwa vipande vya herufi 153, kila kipande kikihesabiwa ni ujumbe wake. Basi tuhesabu. "7:05 PM" inakula nafasi 7. "saa 1:05 usiku" inakula 14. Ukiziweka zote mbili, "19:05 (saa 1:05 usiku)", ni 22, yaani ongezeko la 15. Tangazo la kutuhimiza tupakue programu, linalobandikwa mkiani mwa ujumbe mwingi, linakula zaidi ya hapo. Likatwe hilo. Kwa mtaalamu wa mfumo, kazi ni kutoa au kuongeza 6 na kuchagua neno moja kati ya matano: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Wapo watakaosema tuache saa yetu, tuhamie ya kimataifa hata mdomoni, tumalize. Sioni faida. Baadhi ya hao wenye saa ya kimataifa nao huivuruga mara mbili kwa mwaka. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ndiyo maana mechi yao ya saa 15:00 huoneshwa kwenye mabanda yetu saa 12 jioni wakati wa baridi yao na saa 11 jioni wakati wa joto lao. Mwaka huu wa 2026 tarehe ni 29 Machi na 25 Oktoba. Wenye mabanda wabadilishe ubao. Sisi karibu na ikweta mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, hatuna cha kusogeza. Ninakiri tu kwamba hata saa yetu huku ina kasoro yake: Mwanza iko magharibi, jua huchomoza takriban dakika 25 baada ya Dar es Salaam, hivyo mwezi Februari saa 12 na nusu asubuhi bado tunatafuta viatu kwa tochi.

Kwa sasa, mpaka mifumo ibadilishwe, wenye vibanda wabandike karibu na lipa namba karatasi yenye mistari michache: 06:00 ni saa 12 asubuhi, 12:00 ni saa 6 mchana, 18:00 ni saa 12 jioni, 00:00 ni saa 6 usiku na tarehe imebadilika. Iandikwe kwa kalamu nene, mahali ambapo mteja na muuzaji wote wanaiona.

Wakala wa huduma za fedha,
Kirumba, Mwanza