Nodi za Ruaha Mkuu: tazameni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Nimefungua mafaili yenu yote ya modeli ya kompyuta ya mto Ruaha Mkuu usiku wa jana. Kazi ni nzuri, ila nodi nyingi (alama za mahali maji yanapoingia au kutoka mtoni) zimekaa pasipo pake.

Kubwa ni maji yanayorudi kutoka mashamba ya mpunga ya Usangu. Wengi mmeyarudisha mtoni chini ya kinamasi cha Ihefu. Programu inagawa maji kwa kufuata nodi kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kinamasi hicho kinakauka kwenye grafu, huku mto ndani ya Hifadhi ya Ruaha unatiririka Oktoba nzima! Sote tunajua tangu miaka ya 1990 hali ikoje pale kiangazi: viboko wamebanana kwenye vidimbwi. Sogezeni nodi hiyo juu ya Ihefu, kisha endesheni upya.

Mto Ruaha Ndogo nao unaingia kabla ya bwawa la Mtera, si baada yake. Mkikosea hapo, hesabu ya umeme wa Mtera (megawati 80) inapungua bure.

Tafadhali ipeni kila nodi jina la mahali. "Nodi 14" hainiambii kitu. Aliyekwama anipigie, hata usiku.