Barua kwa mwanangu wakili

Kwako mwanangu Rehema,

Marahaba. Mama yako hajambo, presha imeshuka, ila kila siku ananiuliza habari zako kana kwamba mimi ndiye niliyekupangia hiyo kesi. Unatoka ofisini saa ngapi? Swali hilo hujalijibu.

Redioni wamesema wale walinzi unaowatetea kwa shtaka la kuua walirushiwa mawe walipofikishwa mahakamani. Mtetezi wao naye ana kichwa, hana kofia ya chuma. Ndiyo maana juzi kwenye simu nilikwambia ujitoe. Nilisema na mengine, mama yako akayasikia toka jikoni, na tangu siku hiyo chai yangu inawekwa mezani kimyakimya.

Nikafungua madaftari yangu ya kufundishia. John Adams, kabla hajawa rais wa pili wa Marekani, alikuwa wakili. Tarehe 5 Machi 1770 askari wa Kiingereza waliwafyatulia risasi watu wa Boston, watano wakafa. Adams aliupinga utawala wa Waingereza, lakini akakubali kuwatetea askari hao, yeye na wakili kijana mmoja, Josiah Quincy. Baba yake Quincy akaandika barua kali: amesikia mwanawe anatukanwa kwa kuwatetea wahalifu, imemuuma. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba hao bado hawajathibitika kuwa na hatia, na sheria inawapa haki ya mtetezi. Kumbuka kaka yake mwenyewe, Samuel, alikuwa upande wa mashtaka! Barua ya yule mzee nimeisoma mara mbili. Ningeweza kuitia sahihi yangu.

Kapteni wa wale askari aliachiwa. Kati ya askari wanane, sita waliachiwa, wawili wakakutwa na kosa la kuua bila kukusudia, wakachomwa chapa kwenye dole gumba. Adams aliwaambia wazee wa baraza la mahakama, wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba mambo ya kweli ni makaidi, hayageuki kwa sababu sisi tumekasirika. Kwangu mimi, siasa yake yote ilitoka humo: mfalme asiwe juu ya sheria, na umati nao usiwe juu yake. Mwaka 1773 alibishana magazetini akipinga majaji kulipwa na mfalme. Mwaka 1780, katika katiba ya Massachusetts aliyoiandikia rasimu, majaji wakawekwa kazini maadamu wana mwenendo mwema, na mishahara yao ikapangwa na sheria.

Lakini usimwige kila kitu. Katika utetezi wake alimbebesha lawama Crispus Attucks, mtu mweusi ambaye alikuwa mmoja wa waliouawa, akauita umati kundi la watoto watundu, weusi na mabaharia. Katika kesi yako, mama wa marehemu atakuwa amekaa nyuma yako pale mahakamani. Watetee watu wako bila kumkanyaga mwanawe. Na huyohuyo Adams, alipokuwa rais, mwaka 1798 alitia sahihi sheria ya kuwafunga walioikosoa serikali magazetini. Wakili alikuwa ameshavua joho.

Wewe hujavua, na nimewaambia wazee wote barazani kwamba mwanangu ndiye mtetezi. Mmoja alinuna. Anune. Ila ungenipigia kabla sijasikia redioni, Rehema. Hilo bado sijalimeza. Na usirudi usiku peke yako. Mwambie yule karani mtoke pamoja, au chukua bodaboda wa siku zote unayemjua, si wa kuokota njiani.

Hapa bati la jikoni limeng'oka tena, fundi anataka elfu arobaini na misumari juu yangu. Machungwa mwaka huu madogo, walanguzi wanatupangia bei shambani. Mdogo wako kafaulu hesabu, kwa mara ya kwanza, mpigie umpongeze.

Joho lako la pili uliliacha kabatini. Mama yako amelifua na kulipiga pasi, nimelifunga na machungwa kidogo. Kondakta atafika nalo Ijumaa. Kalipokee mchana.

Baba yako